Kutoka juu ya paa hadi postdoki: mwongozo kamili wa detekta za miale ya kosmiki kwa mtafiti wa Lubumbashi

Katika usaili wangu wa kwanza wa postdoki niliulizwa swali moja likanimaliza: «Kwa saa moja, detekta yako inahesabu sadfa za uongo ngapi?» Nilikuwa nimeandaa picha nzuri za nyota zinazolipuka. Nambari hiyo, ya mara ngapi vihisi viwili huguswa pamoja kwa bahati tu, sikuwa nayo. Waliokuwa upande wa pili wa skrini walitazamana, wakanishukuru kwa adabu, na barua ya kunikatalia ikafika kabla ya wiki kwisha. Walikuwa na haki.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kurudi nyuma kutoka kwenye swali lile. Ni kwa mwenye uzamivu, au anayeumalizia, katika fizikia, jiofizikia au elektroniki, aliye Lubumbashi na anayetaka kazi ya kuunda detekta za miale ya kosmiki, yaani vifaa vya kuhesabu chembe zinazotufikia kwa kasi kutoka angani. Wa Bukavu na Goma watautumia vilevile, na wao wana faida ya kuwa juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko sisi. Shauri langu ni moja: jenga detekta ndogo, ijue inavyokudanganya, kisha ndipo uandike barua ya kuomba kazi. Hapo ulipo unaweza kuijenga, hata SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme kila jioni.

Hatua ya 1: Ijue kazi unayoiomba

Postdoki ni mkataba wa utafiti baada ya uzamivu, mara nyingi wa miaka 2 au 3. Katika upande wa detekta, siku zako nyingi zitapita mbali na darubini. Utapima vihisi mamia, kimoja baada ya kingine. Utatafuta kebo mbovu. Utaandika programu ya kusoma data, na utabishana na mwenzako kwa nini kisanduku namba 14 kina kelele.

Chukua mfano wa Pierre Auger Observatory kule Argentina. Ina matangi ya maji takriban 1,660, kila moja lina lita 12,000, yamepangwa kwa umbali wa kilomita 1.5 kutoka tangi hadi tangi, juu ya eneo la kilomita za mraba 3,000 hivi. Miaka ya karibuni wameongeza sahani za sintileta, yaani plastiki inayotoa mwanga chembe ikipita, juu ya matangi ili kutenganisha elektroni na myuoni, chembe inayofanana nayo lakini nzito zaidi. Kila sahani mtu aliishika, akaipima, akaiandikia cheti. Mtu huyo mara nyingi ni postdoki.

India wana GRAPES-3, kituo cha miale ya kosmiki mjini Ooty, ambako sehemu kubwa ya vifaa wanatengeneza wenyewe. Usiiache nje ya orodha yako: mtu aliyezoea kuunda kitu kwa mikono yake huelewana nao haraka. Karibu na kwetu zaidi, Namibia kuna H.E.S.S., darubini za miale ya gama zilizo kwenye nyanda za Khomas, na North-West University ya Potchefstroom, Afrika Kusini, ina historia ndefu ya vipimo vya nyutroni kutoka Tsumeb hadi Antaktika. Na mradi wa SWGO, wa detekta mpya ya miale ya gama, ulichagua mwaka 2024 kujenga kwenye uwanda wa Pampa La Bola, jangwa la Atacama, Chile. Mradi unaoanza huhitaji watu wa vifaa kuliko watu wa nadharia.

Fizikia yenyewe nitaipita haraka, maana wewe unaijua. Protoni kutoka angani inagonga hewa juu sana, inazaa pioni, pioni zinazaa myuoni. Myuoni ikiwa imetulia huishi mikrosekunde 2.2 tu, lakini kwa kasi yake inatufikia. Usawa wa bahari inapita takriban myuoni 1 kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, yaani moja kwenye ukucha wa kidole gumba. Lubumbashi tuko mita 1,200 na kitu, hivyo idadi inapanda kidogo.

Hatua ya 2: Chagua swali kabla ya kununua hata skrubu

Wengi hujenga detekta, wakaona namba zinapanda kwenye skrini, wakapiga picha, basi. Hiyo haimshawishi mtu. Tafuta swali ambalo mahali ulipo panakusaidia kulijibu.

Langu lilikuwa la zamani. Mwaka 1933 Mwitalia Bruno Rossi alipeleka darubini yake ya vihesabio hadi Asmara, Eritrea, akaielekeza magharibi, kisha mashariki. Magharibi zilikuja nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba miale inayofika kutoka angani kwa wingi ina chaji chanya, kwa sababu uga wa sumaku wa Dunia unazikunja chembe chanya na kuzifungulia njia rahisi zaidi upande wa magharibi. Rossi hakwenda Asmara kutembea. Alitaka mwinuko, na alitaka kuwa karibu na ikweta, ambako uga huo unazuia zaidi. Lubumbashi, kwenye nyuzi 11 na nusu hivi kusini, nasi tumo katika eneo hilo: protoni ya kutushukia wima inahitaji nishati ya zaidi ya GeV 10 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Mwenzako wa Oslo hawezi kulipima jambo hili vizuri kutoka kwake. Wewe unaweza, kwa sahani mbili na bomba la plastiki.

Kuna maswali mengine. Ukiwa na mtu wa kukuingiza mgodini Kipushi, pima jinsi myuoni zinavyopungua kadiri unavyoshuka. Kila mita ya mwamba hula takriban nusu ya GeV. Ndiyo kanuni aliyoitumia Luis Alvarez ndani ya piramidi ya Khafre miaka ya 1960, na ndiyo iliyoonyesha uwazi mkubwa ndani ya piramidi ya Khufu mwaka 2017. Wajapani na Wataliano wanaitumia kutazama ndani ya volkano, kwa hiyo ndugu wa Goma wanaotazama Nyiragongo kila asubuhi wana swali lao tayari. Lakini mgodini kuna ruhusa, unyevu na ngazi. Kwa mara ya kwanza, anza na paa.

Hatua ya 3: Vifaa na mahali pa kuvipata

Unahitaji sahani mbili za sintileta ya plastiki, sentimita 5 kwa 5, unene wa sentimita 1. Myuoni ikipita wima kwenye sentimita hiyo inaacha MeV 2 hivi (MeV 1,000 ni GeV 1), na plastiki nzuri hutoa fotoni kama 10,000 kwa kila MeV. Unahitaji fotomaltiplaya za silikoni mbili, vihisi vya mwanga hafifu ambavyo watu wa kazi huviita SiPM tu, za milimita 6 kwa 6. Hizi zinatumia volti chini ya 30. Fotomaltiplaya za kioo za zamani hutaka volti elfu moja, na mimi singependa uzichezee kwenye paa wakati wa mvua.

Michoro ya sakiti usiianze upya. Mradi wa CosmicWatch, uliotokea MIT, umetoa kila kitu bure: sakiti, orodha ya vipande, programu ya Arduino, ile kompyuta ndogo ya kusoma vihisi. Kitengo kimoja kilikusudiwa kigharimu kama dola 100. Kwetu ongeza usafiri, na ongeza subira.

Sintileta usiinunue mpya kama unaweza kuepuka. Maabara kubwa hukata mabamba makubwa na kubaki na vipande pembeni. Andika kwa kundi lolote linalofanya kazi na sintileta, waeleze kwa mistari sita unachotaka kupima, uwaombe vipande viwili. Wa kwanza hakunijibu. Wa pili alituma vinne, na jina lake baadaye likawa miongoni mwa wadhamini wangu. Hivyo barua ya kuomba plastiki inaweza kuwa mlango wa postdoki yenyewe.

Vingine viko mjini. Teflon nyeupe ya mafundi bomba, ile wanayozungushia viungo vya mifereji, ni kiakisi kizuri sana cha mwanga. Utaipata duka lolote la vifaa vya ujenzi. Utepe mweusi wa mafundi umeme. Karatasi ya alumini ya jikoni. Bomba la PVC la kushikilia sahani. Betri ya volti 12, Ah 7. Kapasita na rezista za dharura utazipata kwa mafundi redio wa soko la Kenya hapa Lubumbashi, lakini zipime kwa multimita kabla ya kulipa, maana nyingine zimeng'olewa kwenye televisheni iliyokufa.

Hatua ya 4: Funga, kisha winda mwanga

Ng'arisha kingo za sintileta kwa msasa laini, kisha dawa ya meno. Ishike kwa glavu. Jasho la vidole linaitia ukungu. Paka tone la mafuta ya silikoni kati ya SiPM na plastiki, hewa isibaki katikati. Zungushia teflon mara tatu au nne, kisha alumini, kisha utepe mweusi, halafu utepe mweusi tena. Usione uchoyo na utepe.

Sasa jaribu. Usiku, zima taa zote, hesabu miguso kwa dakika 10. Kisha washa tochi ya simu, ipitishe polepole kwenye kila pembe. Namba zikiruka, kuna tundu. Mara nyingi liko pale waya unapotokea. Rudia mchana juani, kwa sababu jua la saa sita mchana la Oktoba si tochi. Sahani yangu moja ilifaulu mtihani wa tochi mara mbili ikashindwa na jua.

Jambo jingine la kwetu tu. Sahani moja peke yake itahesabu vitu vingi ambavyo si myuoni: gama za potasiamu, thoriamu na urani zilizo kwenye udongo na matofali. Katanga hazikosekani. Nyumba nyingi hapa zina jiwe zuri la kijani kwenye kabati, zawadi ya mjomba aliyefanya kazi mgodini. Mengi ni malakiti, hayana shida. Mengine yana urani. Nilipoteza siku nne kutafuta kasoro kwenye sakiti, kumbe jiwe lilikuwa rafu ya juu ya meza yangu.

Hatua ya 5: Kizingiti, na zile sadfa za uongo

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiharakisha hapa, hatua zote zinazofuata hazina thamani.

Weka sahani mbili moja juu ya nyingine, umbali wa sentimita 10. Hesabu tu pale zote mbili zinapoguswa wakati mmoja. Hiyo ndiyo sadfa, mbinu ambayo Rossi huyohuyo aliifanya kuwa ya elektroniki mwaka 1930. Gama ya jiwe hugusa sahani moja ikaishia hapo. Myuoni hupita zote mbili.

Kila sahani ina kizingiti, yaani volti ambayo mguso ukiwa chini yake hauhesabiwi. Kianzie chini, upande hatua kwa hatua, kila hatua uhesabu kwa saa moja. Andika safu mbili: miguso ya sahani moja, na sadfa. Ukichora, utaona miguso ya sahani moja inaporomoka kama maji ya Inga. Sadfa zinashuka kwanza, kisha zinatulia kwenye uwanda, kisha zinashuka tena kizingiti kinapoanza kukata myuoni halisi. Weka kizingiti katikati ya uwanda. Mchoro huo uhifadhi. Utakuwa picha ya kwanza kwenye usaili.

Sasa swali lililonimaliza. Sahani mbili zisizojuana zinaweza kuguswa wakati mmoja kwa bahati tu. Kiwango cha sadfa hizo za uongo ni mara mbili ya dirisha la muda, yaani muda ambao miguso miwili huhesabiwa kuwa ya pamoja, mara kiwango cha sahani ya kwanza, mara kiwango cha sahani ya pili. Tuseme kila sahani inaguswa mara 10 kwa sekunde. Dirisha likiwa mikrosekunde 1, unapata sadfa za uongo 0.0002 kwa sekunde, hata moja kwa saa haifiki. Dirisha likiwa mikrosekunde 100, kwa sababu umeiachia Arduino iamue yenyewe kwa programu ya polepole, unapata 0.02 kwa sekunde, yaani 72 kwa saa. Na myuoni za kweli, kwa sahani za ukubwa huu zilizoachana sentimita 10, ni kati ya 100 na 200 kwa saa. Karibu theluthi ya data yako ingekuwa hewa.

Dawa yake ni chipu ya mantiki ya aina ya NA, ya bei ndogo, inayolinganisha mapigo mawili kabla hayajafika kwenye Arduino. Kisha hakikisha kwa vitendo: weka sahani hizo ubavu kwa ubavu, mita 2 mbali. Karibu kila sadfa utakayoiona sasa ni ya uongo, isipokuwa chache za manyunyu makubwa ya angani yanayotua kwa pamoja. Linganisha na hesabu. Zikikubaliana, lala usingizi.

Pima pia muda mfu, yaani ule ambao Arduino inaandika kwenye kadi na haisikii kitu. Programu ya CosmicWatch inaurekodi. Ondoa muda huo kwenye saa zako kabla ya kugawa.

Hatua ya 6: Umeme, baridi na radi

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haizuii utafiti huu. Mfumo mzima unakula chini ya wati 1. Betri ya volti 12, Ah 7 ina Wh 84. Tumia nusu yake tu ili isife mapema, na bado una saa 40. Umeme ukirudi usiku, chaja inajaza. Usichomeke detekta moja kwa moja ukutani: umeme unaporudi huja na ruka inayoua. Weka pia saa ndogo yenye betri yake, aina ya DS3231, ili mtambo ukizimika ujue ulizima saa ngapi.

Halijoto ndiyo adui wa kimyakimya. Volti ya kuamka ya SiPM, ile inayoanzia kufanya kazi, hupanda takriban milivolti 21 kwa kila nyuzi moja. Mwezi wa Julai, Lubumbashi usiku hushuka chini ya nyuzi 10 na mchana kupita 25. Kwa tofauti ya nyuzi 17 ni volti 0.36, na kama umeipa SiPM volti 5 tu juu ya hiyo ya kuamka, umepoteza asilimia 7 ya nguvu ya mpigo bila kugusa kitu. Ukizembea utatangaza kwamba myuoni hupenda usiku. Bandika kihisi cha joto kwenye SiPM yenyewe, rekodi kila dakika, na uweke sanduku kivulini ndani ya povu.

Rekodi kanieneo ya hewa pia. Katika tropiki hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele chake saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa hektopaskali chache. Kanieneo ikipanda, myuoni hupungua kwa sehemu ndogo ya asilimia kwa kila hektopaskali. Sahani zako ndogo hazitayaona mawimbi hayo bila miezi mingi ya data, na ni vizuri kulisema hilo wazi kwenye ripoti.

Kuanzia Novemba, radi. Mawingu yakikusanyika, chomoa kila waya mrefu na ufute saa hizo kwenye data. Kamwe usipande paani.

Hatua ya 7: Kipimo chenyewe

Inamisha bomba nyuzi 45. Kwanza fanya zoezi la pembe: 0, 30, 45, 60. Hesabu inapaswa kufuata mraba wa kosaini, yaani 1, 0.75, 0.5, 0.25. Kwa nyuzi 60 utapata kama 40 kwa saa, hivyo saa 10 zinakupa 400, na kosa la asilimia 5. Kama namba zako hazifuati, rudi hatua ya 5.

Kisha magharibi na mashariki. Tofauti ni ya asilimia kadhaa, kwa hiyo unataka kosa lisilozidi 2. Hiyo inadai miguso 10,000 kwa jumla. Kwa 75 kwa saa, ni saa 133, karibu siku 6 kamili. Mimi nilipima mwezi mzima, kwa sababu siku za kwanza zilikuwa za kujifunza makosa.

Usipime magharibi wiki moja na mashariki wiki nyingine. Geuza saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na siku ya pili anza kinyume, ili kila upande upate usiku sawa na mchana sawa. Shangazi yangu wa Katuba, mwenye parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ndiye aliyekuwa akigeuza nilipokuwa kazini. Alikuwa na daftari lake na hakuwahi kukosea, tofauti na mimi.

Tazama pande zote mbili kwa nyuzi 45. Kuna mwembe upande mmoja? Ghorofa la jirani? Ukuta hula elektroni nyingi na kukupa mashariki-magharibi ya uongo. Kama pande hazifanani, hama. Usijaribu kutengeneza ngao ya risasi kwa kuyeyusha betri za magari kama baadhi ya mafundi wafanyavyo; moshi ule ni sumu kwa watoto wa parseli nzima. Safu ya matofali juu ya sahani, sawa kwa pande zote, inatosha kuanzia.

Mwisho zungusha bomba nusu duara kwenye mhimili wake wenyewe bila kubadilisha mwelekeo. Matokeo yakibadilika, tofauti uliyoiona si ya anga, ni ya sahani zako.

Uchambuzi fanya kwa Python. Ukiwa na mega za kutosha, pakua Geant4, programu ya kuigiza njia za chembe, na uigize detekta yako. Hata uigaji mdogo unaokuambia eneo halisi linalopokea unakupa hoja.

Hatua ya 8: Iandike

Kurasa 6 hadi 8, kwa Kiingereza, ziwekwe kwenye hazina ya wazi pamoja na data ghafi na programu. Sehemu ndefu zaidi iwe ya makosa ya kimfumo. Kama tofauti uliyopata ni ndogo kuliko kosa lako, andika hivyo. Kundi la detekta litamwamini aliyesema «sikuona, na sababu ni hizi» kabla ya aliyeona kila kitu.

Hatua ya 9: Tafuta nafasi

Matangazo mengi ya fani hii hupita kwenye ukurasa wa ajira wa INSPIRE, tovuti ya wanafizikia wa chembe, na ya Ulaya kwenye EURAXESS. Kuna njia mbili: nafasi ambayo profesa ana pesa tayari, na ufadhili unaouomba wewe pamoja naye. Katika njia ya pili, ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie uko wazi kwa mataifa yote. Mwisho wake huwa Septemba, unadai uzamivu na usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika 36 iliyopita. Kwa mtu wa Lubumbashi sharti hilo la mwisho ni faida. Soma masharti ya mwaka husika, hubadilika.

Kabla ya hapo, jionyeshe. ICTP ya Trieste, Italia, taasisi ya kimataifa ya fizikia iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, hugharamia washiriki wengi wa nchi zetu katika kozi zake. Shule ya fizikia ya Afrika, iliyoanza 2010 Stellenbosch, ni nyingine. Kongamano la kimataifa la miale ya kosmiki hufanyika kila miaka 2.

Andikia watu 8, si 80. Kila barua itaje kifaa chao mahususi. Mistari ya kwanza iwe ya namna hii: «Nimepima mashariki-magharibi ya myuoni Lubumbashi kwa sahani mbili za sentimita za mraba 25. Sadfa za uongo ni chini ya moja kwa saa. Nimesoma kwamba mnapima sahani mpya. Nimeshughulika na upotevu wa mwanga na joto la SiPM kwa miezi minne.» Umasikini wa nchi usiutaje, mazingira magumu yataje tu pale yalipokulazimisha kuvumbua kitu.

Hatua ya 10: Wadhamini na usaili

Utaombwa barua tatu. Kwetu profesa anaweza kukuambia: «Andika mwenyewe, nitatia saini.» Kwa heshima, mwombe dakika 20, umpelekee ukurasa mmoja wa ukweli: ulichojenga, ulichokosea, ulichorekebisha. Ataandika kwa sauti yake, na barua tatu hazitafanana kama mapacha. Mkumbushe wiki mbili kabla, kisha siku tatu kabla. Profesa ana wanafunzi mia tatu.

Usaili ufanye mahali penye umeme wa uhakika, na uwe na simu ya pili yenye mtandao mwingine. Jua kwa kichwa: kiwango cha kila sahani, dirisha la sadfa, sadfa za uongo, muda mfu, badiliko kwa nyuzi moja ya joto. Watakuuliza kosa lako kubwa. Simulia lile la jiwe la kijani, au lako.

Hatua ya 11: Karatasi

Anza siku unayopata barua ya kukubaliwa. Kwa Umoja wa Ulaya, taasisi inakutumia mkataba wa kupokea mtafiti, na huo ndio msingi wa viza. Bila huo usiende ubalozini. Balozi nyingi ziko Kinshasa, kwa hiyo hesabu tiketi ya ndege na wiki mbili za kulala kwa ndugu. Diploma ihakikiwe wizarani, itafsiriwe kutoka Kifaransa pale inapotakiwa. Mapema, kabla hujabanwa, omba tarehe ya kuanza kazi iahirishwe kwa miezi miwili, taasisi zimezoea.

Hatua ya 12: Kabla ya kupanda ndege

Detekta usiifungie sandukuni. Mkabidhi mwanafunzi mmoja wa Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na daftari lenye kila mabadiliko ya kizingiti na tarehe yake. Mfundishe mtihani wa mita 2. Mwonyeshe tundu ambalo jua la Oktoba hupitia. Na mwachie namba ya shangazi, maana bomba lazima ligeuzwe saa kumi na mbili.